Sauti na Mtetemo wa Propela katika Lori Kuukuu

Malori mengi yaendayo vijijini kwetu si mapya. Ndiyo yaletayo mahindi na kuni shuleni, ndiyo yachukuayo mbao, simenti na mazao ya wakulima, na siku za mnada hubeba watu pamoja na mizigo yao. Uzee wa lori si ila, maana lori lililotunzwa vema huweza kufanya kazi miaka thelathini na zaidi. Lakini lori kuukuu husema na dereva wake kila siku kwa sauti na kwa mitetemo, na asiyeijua lugha hiyo hupata hasara.

Katika sauti hizo zote, zile za propela ndizo zinazowadanganya watu zaidi. Gari likitetemeka, huyu husema ni matairi, yule husema ni difu, na wa tatu husema barabara ni mbaya. Wakati huo huo kifaa chenyewe kinazidi kulika. Propela ikikatika lori likiwa linapanda mlima na mzigo, nguvu ya injini haifiki tena kwenye magurudumu, na lori huanza kurudi nyuma. Ikikatika kwenye mteremko, dereva hupoteza msaada wa injini katika kulizuia gari, akabaki na breki peke yake. Na ikikatika upande wa mbele, ncha ya bomba huanguka chini na kuweza kuchoma ardhi, au kupigapiga mabomba ya breki na ya mafuta. Kwa hiyo yafaa kila mtu anayehusika na lori, awe dereva, utingo, mwenye gari au fundi, ajue dalili zake mapema.

KAZI YA PROPELA

Injini na giaboksi zimefungwa kwenye chesisi. Difu imo katika ekseli ya nyuma, na ekseli hiyo imeshikwa na springi, hivyo gari likipita shimoni hupanda na kushuka. Basi pahitajika kitu cha kupeleka mzunguko kutoka mahali palipotulia hadi mahali panaporukaruka. Kitu hicho ndicho propela, yaani bomba la chuma lenye krosi kila mwisho.

Krosi ni msalaba mdogo wa chuma wenye mikono minne. Kila mkono umevikwa kikombe, na ndani ya kikombe zimepangwa beringi nyembamba kama sindano. Mikono miwili hushikwa na panda ya propela, na miwili mingine hushikwa na panda ya giaboksi au ya difu. Kwa njia hii propela huweza kuzunguka huku imejikunja. Tena, kwa kuwa umbali baina ya giaboksi na difu hubadilika ekseli inapopanda na kushuka, propela ina sehemu yenye meno marefu ambayo huingia na kutoka kama mkono katika ala. Malori marefu huwa na propela ya vipande viwili, na katikati kuna senta beringi iliyovikwa mpira na kuning'inizwa kwenye chesisi.

Maungio ya namna hii ni ya kale. Wajerumani na Wafaransa hata leo huiita propela kwa jina la Gerolamo Cardano, Mwitalia aliyeishi tangu 1501 hadi 1576. Katika karne ya 17 Mwingereza Robert Hooke aliyachunguza maungio hayo na kuyatumia katika vyombo vyake. Aliyeyafanya yafae sana kwa motokaa ni Mmarekani Clarence Spicer, ambaye mwaka 1904 alianza kuyaunda huko Plainfield, New Jersey, wakati ambapo magari mengi yalikuwa bado yanaendeshwa kwa minyororo.

SIRI YA KROSI

Krosi ina tabia moja ambayo wengi hawaijui. Ikiwa imejikunja, haipeleki mzunguko kwa mwendo ulio sawa. Tuseme giaboksi inazunguka mara 1,000 kwa dakika, na propela imeinama nyuzi 10. Propela itazunguka kwa wastani mara 1,000 vile vile, lakini ndani ya kila mzunguko mmoja itapunguza mwendo hadi kama 985 na kuongeza hadi kama 1,015, tena mara mbili. Ikiinama nyuzi 20, mwendo utacheza baina ya 940 na 1,064. Waliosoma hesabu za pembe wataona kwamba hesabu hii ni ya kosaini tu: mwendo mdogo hupatikana kwa kuzidisha kwa kosaini ya pembe, na mwendo mkubwa kwa kugawanya.

Kama mambo yangeishia hapo, kila lori lingetetemeka. Dawa yake ni krosi ya pili. Krosi ya mbele inapoharakisha, ya nyuma hupunguza, na difu hupata mzunguko uliotulia. Lakini jambo hili latimia kwa masharti mawili. Kwanza, panda mbili za propela, ya mbele na ya nyuma, lazima zilale katika mstari mmoja. Pili, pembe ya krosi ya mbele na ile ya krosi ya nyuma lazima ziwe sawa, au zipishane kidogo sana. Sharti moja likivunjwa, gari hutetemeka hata kama kila kifaa ni kipya kutoka dukani.

KUPAMBANUA MTETEMO WA GURUDUMU NA WA PROPELA

Hapa hesabu kidogo itatusaidia. Lori likienda kilomita 60 kwa saa, linakwenda meta 1,000 kwa dakika. Gurudumu ambalo mzingo wake ni kama meta 3.1 huzunguka mara 320 hivi kwa dakika, yaani mara tano na kitu kwa sekunde. Ikiwa difu ni ya sita kwa moja, propela huzunguka mara sita zaidi, yaani zaidi ya mara 1,900 kwa dakika, au mara 32 kwa sekunde.

Kwa hiyo tairi lenye uvimbe au rimu iliyopinda hurusha gari kwa mapigo mazito ambayo mtu aweza karibu kuyahesabu, na kama ni la mbele, usukani hutikisika. Propela isiyo na mizani hutetemesha haraka haraka. Miguu huwashwa sakafuni, kiti huvuma, na kioo cha kutazamia nyuma huonyesha vitu kwa ukungu. Kosa la pembe au la panda hupiga mara mbili kwa kila mzunguko, mara 64 kwa sekunde katika mwendo ule ule, na hilo husikika zaidi kama mvumo kuliko mtikisiko.

Tusidharau pia kitu kidogo. Donge la udongo la gramu 100 lililoganda kwenye bomba la propela, sentimeta 4 kutoka katikati, huvuta kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 16 hivi katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Katika kilomita 30 huvuta kwa kilo 4 tu, maana mwendo ukiongezeka maradufu nguvu hiyo huongezeka mara nne. Ndiyo sababu lori laweza kutulia kabisa mjini, na likafika barabara kuu likaanza kutetemeka.

SAUTI NA MAANA ZAKE

Sauti ya kwanza ni mlio mmoja mkali, "ka!", unaosikika dereva anapotia gia na kuachia klachi, au anapoacha kukanyaga mafuta na kukanyaga tena. Maana yake ni kwamba mahali fulani pana nafasi. Huenda krosi imelika, au meno marefu yamelegea, au bolti za flanji zimefunguka. Difu iliyolika nayo hutoa mlio kama huo, kwa hiyo usihukumu kabla ya kukagua.

Sauti ya pili ni "chwi, chwi, chwi" kama ya panya, inayosikika lori likienda polepole na ambayo huharakisha mwendo ukizidi. Hizo ni beringi za sindano zilizokauka grisi. Mara nyingi hii ndiyo dalili ya kwanza kabisa ya krosi kufa, na ndiyo rahisi kupuuzwa, kwa sababu gari likishika kasi kelele nyingine huifunika.

Sauti ya tatu ni mngurumo na mtikisiko lori linapoondoka na mzigo, ambao hupotea likishapata mwendo. Hapo mtazame senta beringi. Mpira wake ukichanika, propela huinuka na kushuka wakati nguvu nyingi inapopita. Springi zilizochoka huleta jambo hilo hilo, kwa sababu pua ya difu huinuliwa zaidi ya kawaida.

Sauti ya nne ni uvumi mrefu unaobadilika kila dereva anapokanyaga mafuta na anapoachia. Huo kwa kawaida ni wa meno ya difu yenyewe, si wa propela.

MAJARIBIO BARABARANI

Kabla ya kulala chini ya gari, jaribio la barabarani litakuonyesha upande wa kutazama.

La kwanza, lori likiwa limesimama na gia ikiwa huru, pandisha mwendo wa injini kidogo kidogo. Likitetemeka hapo hapo, kosa ni la injini, klachi au mipira ya kushikilia injini. Propela haizunguki, basi haina hatia.

La pili, endesha mpaka mwendo ule unaoleta mtetemo, kisha punguza gia moja lakini ushike mwendo ule ule wa barabarani. Injini sasa inazunguka haraka zaidi, lakini propela na magurudumu hayakubadilika. Mtetemo ukibaki vile vile, kosa lipo nyuma ya giaboksi. Ukibadilika pamoja na injini, rudi mbele.

La tatu, katika barabara tambarare isiyo na magari, wala si katika mteremko hata siku moja, weka gia huru na kuliacha lori liende lenyewe. Mtetemo ukiendelea, shaka iwe juu ya mizani ya propela, bomba lililopinda, au magurudumu. Ukitoweka mara tu nguvu ya injini inapoondolewa, tazama krosi zilizolegea, pembe na senta beringi.

La nne, linganisha lori likiwa tupu na likiwa na mzigo. Mzigo hukandamiza springi na kubadilisha pembe. Lori linalotetemeka likiwa tupu tu, au likiwa na mzigo tu, linakuambia kwamba kosa ni la pembe.

KUKAGUA CHINI YA GARI

Hapa naomba msomaji asome polepole, maana watu hufa kwa haraka zao. Lori lisimame mahali tambarare na injini izimwe. Magurudumu yatiwe kabari za mbao ngumu mbele na nyuma. Katika malori mengi ya zamani breki ya mkono hushika propela nyuma ya giaboksi, si magurudumu. Ukifungua propela ya lori la namna hiyo, umeifungua na breki, na kutia gia hakutasaidia kitu. Tena mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liwekwe juu ya stendi imara. Wala asiingie mtu kukagua propela injini ikiwa inaunguruma.

Gia ikiwa huru, shika kwa mkono mmoja panda ya upande huu wa krosi na kwa mkono mwingine panda ya upande wa pili, kisha zizungushe kinyume. Halafu inua na kushusha kwa wenzo mdogo. Krosi nzima haichezi hata kidogo. Ukiona inacheza, imekwisha. Tazama pia vikombe. Unga mwekundu kama wa kutu kandokando ya kikombe waonyesha kwamba ndani hakuna grisi, chuma kinasaga chuma.

Tia grisi kwa bomba mpaka ile ya zamani itoke katika vikombe vyote vinne. Ikitoka katika vitatu tu, kile cha nne hakipati chakula, na ndicho kitakachoua krosi nzima. Kaza bolti za flanji. Angalia mpira wa senta beringi kama umechanika au umelegea. Futa udongo wote kwenye bomba, kisha tafuta mahali palipobonyea, na mahali safi penye alama ya kuchomelewa ambapo kibati cha mizani kimeanguka.

Kujua kama bomba limepinda, inua gurudumu moja la nyuma juu ya stendi, mengine yakiwa na kabari, na mwenzako alizungushe polepole kwa mkono. Wewe tuliza chaki juu ya stendi, karibu kabisa na bomba bila kuligusa. Kama bomba limenyoka, nafasi haitabadilika. Kama limepinda, chaki itachora upande mmoja tu.

Pembe nazo zaweza kupimwa kwa kipimapembe cha mwanafunzi, uzi na nati moja ya kuning'iniza. Weka ule upande ulionyoka wa kipimapembe chini ya bomba, na uzi utaonyesha limeinama nyuzi ngapi. Pima hivyo hivyo giaboksi na pua ya difu. Tuseme giaboksi imeinama kuelekea nyuma nyuzi 3, propela nyuzi 9, na difu nyuzi 3. Pembe ya krosi ya mbele ni 6 na ya nyuma ni 6, mambo ni mazuri. Lakini kabari ya chuma iliyo baina ya springi na ekseli ikianguka, na difu ikawa nyuzi 6, pembe ya nyuma itakuwa 3 tu. Krosi ya nyuma haitaweza tena kufuta kosa la ile ya mbele. Kwa propela ya vipande viwili, hesabu hii hufanywa kwa kipande cha nyuma. Na mtu asidhani kwamba pembe ya sifuri ndiyo bora kuliko zote. Krosi isiyojikunja kabisa, sindano zake hazizunguki, bali hupiga mahali pamoja mpaka zikachimba vijishimo.

MFANO MMOJA

Mjomba wangu ana lori la kubebea mahindi. Mwaka jana lilitiwa krosi mpya mbili, na siku ile ile lilipotoka gereji likaanza kuvuma na kutetemeka kuanzia kilomita 40 kwa saa. Aliambiwa kwamba difu imekufa na yapasa kufunguliwa. Gharama yake ilikuwa kubwa kuliko faida ya msimu mzima, na karo yetu ilitegemea msimu huo. Kabla ya kukubali, alimwita mzee mmoja aliyekuwa fundi wa malori tangu ujana wake.

Mzee yule aliuliza swali moja tu, "Mlipoivuta propela ikaachana, mliweka alama?" Hakuna aliyeweka. Alichuchumaa, akatazama propela kwa jicho moja kama mtu anayelenga shabaha, akasema, "Njoo utazame, mwanangu. Panda ya mbele imesimama wima, na ya nyuma imelala upande. Difu yenu haina kosa." Propela ilifunguliwa, yale meno marefu yakachomolewa, ikazungushwa mpaka panda zikalingana, ikarudishwa. Kazi yote ilichukua muda wa asubuhi moja, na ule mvumo ukaisha. Difu ile ingali inafanya kazi mpaka leo.

MATENGENEZO

Kutokana na hayo twapata kanuni chache. Kabla ya kufungua propela, tia alama ya rangi au patasi kwenye flanji, panda na meno marefu, ili kila kitu kirudi pale pale kilipokuwa. Usishike bomba kwa jiliwa kubwa wala kulipiga nyundo, maana likibonyea limeharibika. Krosi moja ikifa, chunguza sana ya pili, kwa kuwa zimefanya kazi pamoja. Ukibadili krosi, hakikisha klipu za kuzuia vikombe zimekaa barabara katika njia zake, na krosi yageuka kwa mkono bila kukwama. Bomba lililopinda au kupoteza kibati lipelekwe kwa wenye mashine ya kupimia mizani. Baada ya safari ya kwanza, kaza bolti tena.

Msomaji ataona kwamba kazi hii yahitaji masikio, macho, kipimapembe na subira, kuliko fedha. Krosi ni kitu cha kushika mkononi, na grisi ya kuitunza haizidi kikombe kimoja. Lakini krosi hiyo ndogo yabeba nguvu yote ya injini, na juu ya lori yupo utingo aliyekaa kwenye magunia, na nyuma ya lori kuna watoto wanaotoka shule. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi utakaposikia "chwi, chwi" chini ya lori, mwambie dereva asimame atazame.

Mwanafunzi, Kidato cha IV